Mama Ataingia Koboko Ameketi

Jumatatu, 3 Februari

Omugo tena, sokoni kwa wakimbizi. Vitambaa vyangu vya bitenge vimetoka vizuri, mashuka yamedoda. Nimerudi juu ya lori la mtu, mimi na mabunda yangu, vumbi hadi kwenye meno. Basi. Nimechoka. Alhamisi napanda basi la Kampala kwenda kutafuta gari. Langu mwenyewe, jina langu kwenye kadi.

Si kwa ajili ya bitenge tu. Ni kwa ajili ya Mama.

Mama yuko kwangu hapa Arua tangu alipoanguka na kuvunjika nyonga. Amepasuliwa, amepona, amefundishwa kutembea na fremu yake ya chuma. Kila asubuhi anazunguka ua wangu kama askari wa zamu. Daktari amesema anaweza kurudi kwake Abuku, kijijini nje ya mji wa Koboko. Na Ramadhani inakuja. Anataka afunge akiwa nyumbani kwake. Wala haombi, anatoa amri. Mjane wa sajenti haombi.

Lakini ana sharti lake. Siku ile ya kuvunjika alitolewa Koboko amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, amefunikwa shuka kwa sababu ya jua, akapitishwa katikati ya soko lililojaa watu. Alikuwa chini ya shuka anasikia kila kitu. Kuna mtu alimwambia mwenzake, huyu amekwisha. Mama hajasahau sauti ile. Sasa anasema: "Mimi narudi Koboko kwa kukaa. Mbele. Uso yangu watu wanaona." Kama haiwezekani, hatoki hapa. Ambulensi ameikataa, kwa sababu mle ndani mtu hulala.

Jumatano, 5 Februari

Khamis amepiga simu. Huyu ni kaka yangu mkubwa, mwanajeshi mstaafu, ndiye anayekaa Abuku na kutunza nyumba ya Mama. Kila kitu kwake ni oparesheni. Anasema ninunue gari la juu, lenye magurudumu ya kupanda mlima, "gari ya mwanaume". Nimemwambia mwanaume si mimi. Akasema minivan ni gari ya kupeleka watoto shule ya nasari. Nikakata simu.

Jana jirani alituazima gari lake la juu tujaribu. Mama alishika mlango. Akainua mguu. Haukufika. Akainua tena. Ikabidi tumbebe, mimi mbele, jirani nyuma, kama gunia la muhogo. Alipokaa akageuza uso upande wa pili. Nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.

Leo nimetoa futi yangu ya kupimia vitambaa. Nimempima kutoka kisigino hadi nyonga. Ameuliza kama ninamshonea sanda. Nikamwambia, Yarabi, Mama, mdomo huo! Akacheka. Nimefunga fundo kwenye futi pale nyonga yake inapoishia. Kiti cha gari kitakuwa pale pale kwenye fundo, au sinunui.

Ijumaa, 7 Februari. Kampala

Miguu inawaka moto. Nimezunguka yadi za magari tangu asubuhi. Vijana wa yadi wote wanaimba wimbo mmoja: injini, skrini, rimu. Mimi natoa futi. Napima kutoka chini hadi ukingo wa kiti cha mbele. Wanaangaliana. Mmoja akaniuliza kama nataka kulishonea gari gauni. Nikamwambia ndiyo, na kitambaa kikibaki nitakushona mdomo.

Gari la kwanza, kiti juu mno. La pili, kiti sawa, lakini mlango mwembamba, fremu ya Mama haipiti. La tatu zuri, ila lina harufu ya samaki, na yule kijana akaniapia kwamba ni harufu ya upya.

Halafu nikaliona. Minivan nyeupe, nyeupe ya maziwa, milango ya pembeni inateleza yenyewe kama pazia. Nikaweka futi. Fundo likakaa pale pale. Wallahi nilisikia baridi mikononi.

Nikajaribu kama Mama anavyofanya: mgongo kwanza, makalio kitini, halafu miguu miwili pamoja. Nikashuka. Nikapanda. Nikarudia mpaka kijana akaenda kunywa chai akaniacha. Siti za nyuma za kutosha, mabunda yatakaa, ndugu watakaa. Nimelichukua. Bei siandiki hapa, wezi nao wanajua kusoma.

Jumapili, 9 Februari

Nimeendesha mwenyewe kutoka Kampala. Mimi, Hawa, muuza vitambaa. Nyani wa Karuma wamenitazama. Nimevuka Mto Naili pale Pakwach nikiwa nimeketi wima kama bibi harusi. Sina haya ya kusema: najivuna. Nimejivuna kilomita zote.

Lawama zimeanza, lakini. Ukiwasha, mwanamke mmoja ndani ya dashibodi anasema maneno mengi ya Kijapani kwa adabu kubwa. Hatujui anasema nini. Njiani nilipoomba mafuta, mimi na kijana wa kituo tumetafuta kitasa cha kufungulia tangi mpaka watu wa nyuma wakapiga honi. Kilikuwa chini ya kiti, kimejificha.

Nimefika nyumbani, Mama yuko barazani. Ameshuka na fremu yake, amelizunguka gari lote polepole, akigonga magurudumu, kama ofisa anayekagua gwaride. Akafika mlango wa mbele. Akageuka. Akakaa. Akaingiza miguu. Peke yake. Hakuna mkono uliomgusa.

Yule mwanamke wa dashibodi akasema maneno yake. Mama akamjibu, "Alaikum salaam."

Nimeenda jikoni kulia kidogo. Machozi mazuri.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbili za gari. Tumbo liko chini, pale getini kwangu linakwaruza jiwe kila nikitoka. Kipoza hewa kinawapendelea wa mbele, wa nyuma wanaokwa. Na mlango! Ufunguo wake una kitufe, nami naufunga kwenye pindo la leso yangu kama ninavyofunga vitu vyangu vyote tangu usichana. Leo sokoni nimeinama kuokota nyanya, fundo likabanwa, huko nyuma gari likafunguka lenyewe wazi kabisa. Nikafunga. Nikainama tena. Likafunguka. Wauza nyanya wamecheka hadi wakashika mbavu. Mmoja alisema gari yangu iko na njaa.

Cheka tu. Mwenye gari ni nani?

Jioni Mama ameniita chumbani. Amenipa kitambaa. Alikuwa akikishona tangu hospitali, nami nikidhani ni cha kufunikia sinia. Maua mekundu, majani ya kijani, pindo limefumwa kwa mkono kama wanawake wetu wa Kinubi wanavyofuma tangu enzi za kambi za jeshi. Kumbe, gari lilipofika, amekigeuza kuwa cha gari. Alimtuma mtu apime dashibodi kwa siri. Kinafunika kutoka mlango hadi mlango, hakuna mahali jua linapopita. Anasema gari bila kitambaa liko uchi.

Nimekitandika. Sasa limekuwa gari la ukoo wetu. Lingine kama hili halipo Arua nzima, na nisibishiwe.

Ijumaa, 14 Februari

Aibu. Acha niandike yote.

Leo nilipakia bitenge, nikaenda Omugo na gari langu kwa mara ya kwanza. Nje tu ya mji waendesha boda wakaanza kunifanyia ishara, vidole vinafunguka na kufumba: taa, taa. Kweli, taa zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Nikazungusha kitasa. Zikabaki. Nikazungusha kwingine, maji yakaruka kwenye kioo. Zikabaki. Nikasema shauri yake, taa hazili ugali wangu, nikaendelea. Taratibu, kwa ajili ya tumbo la gari.

Na huko njiani, heshima! Watu wa vijiji vya Terego wanasimama. Lori limejiweka kando kunipisha. Mzee mmoja amevua kofia, akaishika kifuani. Nikawa nasema moyoni, kumbe watu hawa wanajua kitu kizuri wakikiona. Nikawapungia mkono. Nimepunga njia nzima, na tabasamu.

Nilipofika Omugo, mteja wangu Mama Poni, mkimbizi wa huko kambini, alinijia mikono kichwani, machozi tayari. Akanikumbatia. "Pole, dada. Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa! Lakini gari jeupe, taa mchana, mwendo wa pole. Huku kwetu nani asiyejua hiyo ni nini? Hiyo ni maiti inarudishwa nyumbani. Nilikuwa nawapungia mkono watu wanaonipa rambirambi.

Nilirudi kwa njia ya nyuma. Sijamwambia Mama. Siwezi. Yule aliyesikia akitangazwa kufa chini ya shuka, nimwambie nimemnunulia gari linalofanana na la maiti?

Jumatatu, 17 Februari

Jumamosi nilipeleka gari kwa Draku, fundi wa magari wa mtaa wa Onduparaka. Kazi bure. Timu yao ya mpira ilikuwa inacheza, na timu ikicheza hapo hata mgonjwa husubiri. Leo nimerudi. Gari tumeliingiza bandani. Kabla hajagusa kitu nimemwambia: mikono yako ya oili isiguse kitambaa cha Mama. Akaniapia hatakigusa. Na kweli hakukigusa.

Amefungua boneti. Ametoa fyuzi moja, taa zikazima. Nikashangilia. Kumbe na honi imezima, na indiketa, na yule mwanamke wa Kijapani. Akairudisha. Akatoa nyingine, mlango wa pembeni ukafunguka ukakataa kufunga. Akairudisha. Amejikuna kichwa, akaniambia: "Mama, gari hii iko na kichwa yake. Inafikiri sasa ni usiku."

Usiku! Arua, mwezi wa pili, jua hili linalomfanya mbwa agombanie kivuli na kuku!

Nimepeleka kwa mwingine mwenye mashine ya kusoma ubongo wa gari. Mashine ikasema gari ni zima, halina ugonjwa wowote. Nikawaambia basi mashine nayo ni mgonjwa. Nimerudi na taa zangu zinawaka. Nina hasira na Wajapani wote.

Alhamisi, 20 Februari

Tumegombana na Mama. Tunaondoka Jumamosi, nikasema nimpigie Khamis awaambie watu kwamba tunakuja, Mama mzima, amekaa mbele. Nilitaka hasa hilo "mzima" lisikike. Mama akakataa katakata. Hataki itangazwe. Anasema watu wakijua watafagia, watavaa, watapanga sura. Anataka awakute walivyo. "Mimi si waziri."

Nimesisitiza. Akaniuliza kwa nini nasisitiza.

Nikimwambia habari ya taa, hapandi. Namjua. Akisema hapana, ukuta unaweza kusogea, yeye hasogei. Ramadhani itamkuta hapa kwangu, halafu mvua zitaanza, njia ya Abuku itakuwa tope, halafu nini? Anazeeka. Amevaa kanga yake mpya leo kuijaribu. Ameniuliza kama mkia wa kilemba utaonekana kupitia kioo.

Nisipomwambia, tutaingia Koboko na taa za msiba, naye ameketi mbele akitabasamu kwa watu wanaovua kofia.

Naogopa. Neno ni hilo tu. Nimenunua gari zuri kuliko yote niliyowahi kugusa, na ninaogopa kulitumia kwa kazi niliyolinunulia.

Nimeamua: madirisha wazi, Mama anapunga mkono, kila mtu anamwona. Anayepunga mkono si maiti. Itatosha.

Jumamosi, 22 Februari. Abuku

Lazima niandike leo.

Tumeondoka asubuhi. Mama ameketi mbele, kanga mpya, kilemba, manukato. Fremu yake nyuma imefungwa mkanda kama abiria. Lami ya Koboko ni laini, gari linateleza, silisemi vibaya. Mama anasoma kila kitu kwa sauti: shamba la nani hili, nani alijenga duka pale. Nilijivuna mpaka nikasahau taa.

Alikuwa amemeza dawa yake ya maumivu. Akaanza kusinzia. Aliniamuru: "Hawa, uniamshe tukifika Koboko." Nikasema ndiyo. Jua likawa upande wake, akajifunika ushungi wake mweupe usoni, nami nikapandisha vioo kwa sababu ya vumbi la lori la mbele. Akalala. Hakuguna. Usiku wote kwangu huguna kwa ajili ya nyonga, na hapa garini alilala kimya kama mtoto aliyeshiba.

Tukafika Koboko. Niliangalia uso wake. Nilinyoosha mkono kumgusa bega. Nikaurudisha. Nikasema, kidogo tu, nitamwamsha sokoni. Tukafika sokoni. Nikasema, kona ile. Wallahi sikuwa na moyo wa kuukata usingizi ule.

Basi fikiria. Gari jeupe. Taa mchana. Polepole. Vioo juu. Binti ya Mama kwenye usukani, na kando yake mtu ameinamisha kichwa, amefunikwa kitambaa cheupe.

Wauza mihogo walisimama. Mmoja akashika mdomo. Nikashusha kioo changu nikaita, "Yuko mzima!" Lakini lori lilipiga honi, naye tayari alikuwa amekaa chini na kuanza kulia. Kwenye kioo cha nyuma nikaona boda moja imewasha taa, imetufuata. Halafu nyingine. Tulipoacha lami kushika njia ya Abuku, nyuma yetu kulikuwa na msafara, taa zote zinawaka, hakuna anayepiga honi, na wengine wamekata matawi na kuyafunga mbele kama desturi ya msiba. Hao ni watu wema. Hata mmoja hakumjua Mama vizuri. Wamesindikiza tu.

Nikitaka kusimama niwaeleze, Mama ataamka awaone. Nikiendelea, wanaongezeka. Nikaendelea. Jasho mpaka kwenye nyayo. Gari likikwaruza tumbo, mimi ndiye niliyekuwa nasikia maumivu.

Simu zimetutangulia. Kabla hatujafika tumesikia yowe. Yowe la msiba la Wakakwa, wenyeji wa huku, lile la kufungua koo lote, likitoka uani kwetu kwenyewe. Viti vilikuwa vimeshatolewa. Wanawake wamekaa chini. Sufuria kubwa iko juu ya mafiga.

Mama akaamka. Akauondoa ushungi. Akaangalia. "Nani amekufa?"

Nimesimamisha gari, nimeshika usukani kwa mikono miwili. Akaniangalia. Akaangalia viti. Akaangalia boda nyuma na matawi yao. Mama yangu si mjinga, alielewa yote kabla sijavuta pumzi.

Nilingoja anipige. Nilingoja alie. Akasema, "Fungua dirisha."

Nikashusha kioo chake. Wa kwanza kufika alikuwa Shangazi Zamzamu, dada wa marehemu Baba, amefumba macho kwa kilio, anapapasa mlango. Akaingiza mkono, akapata kitambaa cha dashibodi, akakivuta chote, akafuta uso na kamasi. Akafumbua macho. Uso kwa uso na Mama.

Na taa zikazima.

Zikazima zenyewe, mbele ya watu wote, pale pale kitambaa kilipotoka. Chini yake kuna kijicho kidogo cheusi, kama shanga. Nimekuja kuelewa baadaye: ndicho kinachotazama jua. Tulikuwa tumekifunika kwa maua mekundu, kikadhani ni usiku. Draku alisema kweli, maskini, na mimi ndiye niliyemkataza kugusa. Lakini pale uani nani alikuwa na habari ya kijicho? Watu walirudi nyuma hatua moja kwa pamoja. Mmoja alikimbia kabisa.

Halafu nikamwona Khamis. Afande wetu, mtu wa oparesheni. Alikuwa anakuja kutoka shambani mbio, hana viatu, shati limefunguka, analia kwa sauti kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Kwa umri wangu wote sijawahi kumwona akilia, hata siku ya Baba. Alikuja moja kwa moja hadi mlangoni na kuushika.

Mama akamwangalia kutoka juu hadi chini.

"Khamis. Viatu yako iko wapi?"

Alikaa chini kwenye vumbi, akaegemeza kichwa kwenye gurudumu la gari la nasari, akalia upya. Safari hii na kicheko ndani yake.

Mama akafungua mlango mwenyewe. Akageuza miguu miwili pamoja. Ikafika chini, sawasawa, nyayo zote. Nikamletea fremu. Akasukuma. Akasimama. Akanyoosha kanga yake. Halafu mwanamke mmoja pale mafiga akapiga kigelegele, na wote wakafuata, na wenye boda wakapiga honi zote walizokuwa wamezizuia tangu Koboko.

Huyo ndiye Mama yangu. Najivuna. Naandika tena: najivuna.

Jumapili, 23 Februari

Watu hawaishi. Waliokuja kuzika wamebaki kula. Sufuria ya msiba imeliwa kwa furaha, na nyingine imepikwa. Wenye boda wamerudi na wake zao.

Mama anapokea wageni barazani, na kila mmoja anapewa hukumu yake. Nani alilia kweli. Nani alilia bila machozi. Nani aliuliza habari ya shamba kabla ya kukaa. Mengine aliyaona mwenyewe kupitia kioo cha gari, mengine ameambiwa.

Mimi hasemi nami. Si kwa ajili ya taa, za taa amecheka hadi akashika nyonga. Ni kwa sababu sikumwamsha. Alitaka kupita sokoni ameketi, macho wazi, uso nje. Badala yake ameingia Koboko mara ya pili kama mtu aliyekwisha, na sasa mimi ndiye niliyemfunika. Hakusema hivyo. Aliniambia tu, "Nilikuambia uniamshe." Basi. Imeniuma kuliko kofi. Ana haki.

Khamis ameliosha gari tangu asubuhi. Ameosha mpaka magurudumu kwa mswaki.

Jumanne, 25 Februari

Asubuhi Mama amekuja na fremu yake hadi garini, amevaa. Kanga ile ile, kilemba kile kile. Akakaa mbele. Akangoja. Sikuuliza kitu, nilichukua ufunguo.

Khamis alitaka kuja, akamwambia abaki.

Njia ya Abuku ilikuwa tulivu. Tumbo limekwaruza mara moja pale kwenye mtaro, Mama akaliambia pole. Vioo chini vyote. Vumbi limeingia, tumeliacha liingie. Mashamba yamechomwa tayari yanangoja mvua.

Sokoni niliendesha polepole kabisa. Watu walikuwa wanaendelea na kazi zao. Hakuna aliyevua kofia. Mwanamke muuza mihogo aliinua macho, akamwona, akaacha kisu. Akaja dirishani na mikono yenye unga. Halafu mwingine. Nimezima injini katikati ya njia, na hakuna aliyelalamika. Wameingiza mikono, Mama ameishika mmoja mmoja, anauliza watoto, anauliza mimba ya fulani, anauliza bei ya ufuta. Mzee mmoja alisimama mbali kidogo, anaangalia viatu vyake. Mama akamwita kwa jina. Alikuja. Mama akamshika mkono muda mrefu kuliko wote. Nadhani najua sauti yake ilisema nini siku ile ya godoro. Sikumwuliza Mama.

Tukatoka, tukapita nyumba za mwisho. Mkono wake uko nje ya dirisha, unapigwa na upepo.

"Hawa."

"Mama."

"Siku yangu ikifika, ndani ya gari hii usiniweke. Tafuta ingine. Hii iko ya kutembelea watu."

Nikasema sawa, Mama. Akaitikia kwa kichwa, akaegemea kiti. Tukasimama dukani kununua sukari na tende za kufuturia, naye akanisubiri garini, macho wazi.